Kazi yangu ni kuandika majibu yasiyo sahihi

Somo la kwanza nililowatungia wanafunzi wa chuo lilikuwa na skrini 23, muziki mwororo wa kufungulia, na picha ya Dunia iliyozunguka taratibu kila ulipoigusa. Nilijivunia sana ile picha. Somo lilihusu majira ya mwaka, na lilikuwa sehemu ya masomo ya jumla, yale ambayo kila mwanafunzi hulazimika kuyapitia hata kama amekuja chuoni kusomea uhasibu. Mwishoni niliweka maswali kumi ya kuchagua jibu. Matokeo yakaja mazuri, wakubwa wakafurahi, nami nikaanza kujiona bingwa.

Kisha siku moja nikamwomba mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza anikubalie nikae nyuma yake nimtazame anavyolisoma.

Alishika simu kwa mkono wa kushoto, na kidole gumba cha kulia akakiweka tayari juu ya kitufe cha "Endelea". Gusa, gusa, gusa. Dunia yangu hakuizungusha hata mara moja. Skrini ya tisa, yenye aya niliyoiandika upya mara nne, ilikaa mbele ya macho yake kwa muda wa kupiga chafya. Alipofika kwenye maswali ndipo akapunguza mwendo, akasoma, akachagua. Tisa kati ya kumi.

"Hongera," nikamwambia. "Sasa hebu nieleze kwa maneno yako. Kwa nini Moscow kuna baridi kali mwezi Januari?"

"Kwa sababu ya ule mwinamo wa Dunia, mwalimu."

"Mwinamo unafanyaje?"

Akanyoosha kiganja, akakilaza upande. "Si unaona, huku juu kunasogea mbali na Jua. Kwa hiyo kunapoa."

Nikamshukuru, nikarudi mezani kwangu nimenywea. Neno alikuwa nalo, na ni neno sahihi. Lakini chini ya lile neno lilikuwa limelala wazo lilelile alilokuja nalo chuoni, kwamba joto ni ukaribu na baridi ni umbali, halijaguswa hata unywele. Somo langu lilikuwa limelifunika shuka tu.

Nikalifungua swali ambalo yeye na karibu wenzake wote walilipata. Liliuliza majira ya mwaka husababishwa na nini. A, mvuto wa Mwezi. B, upepo wa baharini. C, mwinamo wa mhimili wa Dunia. D, joto la volkano. Hata mtu ambaye hajawahi kusoma jiografia atachagua C, maana ndilo jibu pekee lililovaa suti. Yale matatu nilikuwa nimeyatupia tu ili kujaza nafasi. Na lile jibu ambalo watu wanaliamini kwelikweli, la umbali kutoka kwenye Jua, sikuliweka kabisa. Hata sababu naikumbuka: niliogopa kuwachanganya.

Tangu siku hiyo kazi yangu imegeuka. Watu wakiniuliza ninafanya nini, hujibu kwamba ninatunga masomo mafupi ya mtandaoni, ya dakika kumi au kumi na tano, ya takwimu, historia, biolojia, uandishi na kadhalika. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya siku yangu huishia kwenye kuandika majibu yasiyo sahihi. Maelezo sahihi yamejaa kila mahali. Kitabu chochote cha mwaka wa kwanza kinayo. Kosa zuri ndilo adimu.

Watu wa upimaji huyaita majibu hayo vipotoshi, na jina hilo limewaponza wengi. Ukisikia "kipotoshi" unadhani kazi yake ni kumtega mwanafunzi, kama mtu anayefukia mwiba njiani. Kipotoshi ninachokitafuta mimi ni imani ya mtu iliyoandikwa vizuri kuliko ambavyo mwenyewe angeiandika, kiasi kwamba akiiona anasema, naam, hii ndiyo yangu. Hakitungwi kichwani. Hupatikana kwa wanafunzi: kwenye karatasi zao, kwenye maswali wanayouliza wakati wa kutoka darasani, kwenye kiganja kilicholazwa upande. Nina daftari lake. Kama ningelazimika kuokoa kitu kimoja ofisi ikiungua, ningeliacha shahada yangu ukutani nikabeba daftari.

Somo la majira sasa lina skrini sita, na ya kwanza haifundishi chochote. Inakupa duara la miezi kumi na miwili na kukuambia uburute alama hadi kwenye mwezi ambao Dunia huwa karibu zaidi na Jua. Wengi huiegesha kwenye Juni au Julai. Kisha Dunia inaanza safari yake mbele ya macho yao na kusimama mwanzoni mwa Januari, takriban km milioni 147 kutoka kwenye Jua. Julai inapofika, umbali ni kama km milioni 152. Skrini ya pili ina picha mbili za siku moja ya Januari: Moscow chini ya theluji, Sydney watu wamejaa ufukweni. Hakuna maelezo. Kuna swali tu: ikiwa ukaribu ndio unaoleta joto, mbona miji hii miwili, iliyo juu ya sayari moja, haikubaliani?

Hapo karibu kila mtu hukimbilia mwinamo, nyuzi zile 23.5 wanazozikumbuka tangu shule. Na hapo ndipo ninapomsubiri yule mwanafunzi wa kiganja. Miongoni mwa majibu kuna lake, karibu neno kwa neno: upande wa kaskazini umelala ukawa mbali zaidi na Jua. Akiligusa, haonyeshwi alama nyekundu wala kusomewa hukumu. Anapewa hesabu ndogo. Kipenyo cha Dunia hakifiki km 13,000. Mwinamo ufanye ufanyavyo, hauwezi kuusogeza upande mmoja zaidi ya maelfu machache ya kilomita. Ikiwa tofauti ya km milioni tano haikufua dafu kuipasha Moscow, elfu chache zitafanya nini?

Ni baada ya kukwama hapo ndipo anapopewa tochi. Anaiburuta mwenyewe: ikimulika karatasi wima, doa la mwanga ni dogo na kali, akiilaza, mwanga uleule unatandazwa kwenye eneo kubwa na kila sehemu inaambulia kidogo. Halafu anaongezewa urefu wa mchana, ambao Moscow mwishoni mwa Desemba ni saa saba tu. Mwanga wa mshazari, kwa saa chache. Basi. Aya yangu ya skrini ya tisa, niliyoihangaikia mara nne, imebaki sentensi mbili.

Ubishi kuhusu kosa una umri mkubwa kuliko masomo ya mtandaoni yenyewe. Miaka ya 1920 mwanasaikolojia Sidney Pressey, wa Chuo Kikuu cha Ohio State, alitengeneza kijimashine chenye vitufe vinne; swali linatokea kwenye kidirisha, na ukiiweka katika hali ya kufundishia, mashine haisogei mpaka ubonyeze kitufe kilicho sahihi. Novemba 1953 mwanasaikolojia mwingine, B. F. Skinner, alikwenda kutembelea darasa la hesabu la binti yake. Akaona watoto wanafanya maswali bila kujua papo hapo kama wamepatia au wamekosea, akaondoka na kuunda mashine yake mwenyewe. Skinner hakuyataka majibu ya kuchagua. Alitaka mwanafunzi atoe jibu lake mwenyewe, na hatua ziwe ndogondogo mno kiasi kwamba mara nyingi apatie. Kumwonyesha mtu kosa lenye sura ya ukweli, kwake yeye, kulikuwa sawa na kumpandia magugu shambani.

Muda si mrefu baadaye Norman Crowder, aliyetokea kwenye mafunzo ya mafundi wa jeshi la anga la Marekani, akashika njia nyingine. Vitabu vyake vilikuwa na kurasa zilizochanganywa kwa makusudi. Unasoma, unachagua jibu, na jibu linakutuma kwenye ukurasa wake. Ukikosea, ukurasa ule unakueleza kwa nini mtu mwenye akili timamu angeweza kukosea hivyo, kisha unakurudisha ulikotoka. Ukipatia unasonga mbele. Fundi anayetafuta hitilafu, nadhani, haoni haya kukosea. Kukosea ni nusu ya kazi yake.

Mimi ni mtu wa Crowder. Lakini Skinner ananidai kitu, nami nitamlipa mbele kidogo.

Kuhusu ufupi sina mengi. Mwaka 2014 watafiti walichambua vipindi milioni 6.9 vya kutazama video za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, wakaona kwamba muda wa kawaida wa mtu kutazama hauzidi dakika sita, video iwe ndefu namna gani. Tangu hapo dakika sita imekuwa kama amri iliyoshuka kutoka mlimani. Nimeshakaa kwenye vikao ambavyo mhadhara wa saa nzima ulikatwakatwa vipande kumi, kila kipande kikapewa muziki wa kufungulia, na kazi ikatangazwa kuwa imekamilika. Utafiti ule ulipima watu walitazama kwa muda gani. Haukusema walitoka na nini. Somo langu ni fupi kwa sababu linabeba wazo moja potofu na kupambana nalo hilohilo. Wazo likiisha, somo nalo limekwisha. Mengine huchukua dakika saba, mengine ishirini.

Ninalolipenda kuliko yote ni la takwimu, nalo linatumia kisa cha kweli. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilipokea maombi ya masomo ya uzamili kutoka kwa wanaume 8,442 na wanawake 4,321. Wanaume waliokubaliwa walikuwa asilimia 44, wanawake asilimia 35. Skrini ya kwanza inakuonyesha hayo tu na kukuuliza: wewe ungekuwa hakimu, ungeamuaje? Unaburuta mshale kati ya "hakuna upendeleo" na "upendeleo wa wazi". Mishale mingi huenda kulia bila kusita, na sioni kwa nini isiende.

Skrini ya pili ina milango sita, idara sita kubwa zaidi, zimepewa herufi A hadi F. Unaifungua mmojammoja, na kabla ya kila mlango unabashiri. Idara A: wanaume walioomba 825, wakakubaliwa asilimia 62. Wanawake walioomba 108. Asilimia ngapi walikubaliwa? Watu huandika 40, 35, wenye hasira huandika 20. Mlango unafunguka: asilimia 82. Nimewatazama wanafunzi kwenye mlango huu, na huwa kuna kitu kinatokea usoni. Wengine hurudi nyuma kuhakikisha hawajakosea kusoma. Mmoja aliipiga simu kofi dogo, kama redio iliyokwama. Idara F: wanaume 373, asilimia 6, wanawake 341, asilimia 7. Wakifika mwisho wamekwisha kuona kwamba hakuna mlango wenye pengo linalofanana na lile la mwanzo dhidi ya wanawake, na bado jumla yake inalitoa. Inawezekanaje?

Sikuandika maelezo. Badala yake kuna watu wa vibonzo ambao mwanafunzi anawahamisha kutoka idara moja hadi nyingine, huku asilimia zikibadilika juu ya skrini. Ndani ya dakika mbili au tatu kidole kinagundua chenyewe: idara zenye nafasi nyingi zilijaa wanaume, na wanawake wengi waliomba kule ambako hata wanaume walikuwa wanakataliwa. Swali la mwisho linataka hukumu. Jibu nililolitia alama ya vema lilisema: "Chuo hakikuwa na upendeleo dhidi ya wanawake, wanawake waliomba zaidi idara zenye nafasi chache." Likumbuke hilo, nitalirudia.

Wanafunzi hawayapendi sana masomo haya, angalau mwanzoni. Malalamiko ninayoyapata zaidi ni kwamba somo linauliza kabla ya kufundisha, na mtu anajiona mjinga. Yale ya zamani, ya "Endelea, Endelea", yalikuwa yanapata sifa tele. Hilo lilinisumbua mpaka nilipozisoma tafiti mbili. Ya 2019 ilifanywa kwenye madarasa ya fizikia ya Harvard: waliofundishwa kwa kushirikishwa walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio, lakini wao ndio waliosema hawakujifunza sana. Mhadhara mtamu uliwaacha wenzao na shibe ya hewa. Ya pili ni ya wanasaikolojia Roediger na Karpicke, 2006. Waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja likarudia kusoma, jingine likafunga karatasi na kujaribu kukumbuka. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Wiki moja baadaye meza ikapinduka: waliorudia kusoma asilimia 42, waliojipima 56.

Ukitaka sifa, basi, wapime baada ya dakika tano. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya. Maswali yangu kumi yalikuwa yamekaa palepale mlangoni, kabla maji hayajakauka. Sasa jaribio la somo la majira hutokea siku nane baadaye, ndani ya somo jingine kabisa, bila taarifa. Barua za lawama zimeongezeka, nazo nimezizoea.

Kinachonishinda zaidi ni ujanja. Mashine ya Pressey, ile isiyosogea mpaka ubonyeze kilicho sahihi, ina dawa yake inayojulikana na kila mtoto: bonyeza vyote vinne. Mtafiti Ryan Baker na wenzake walikwisha kuwaandika wanafunzi wa namna hiyo mwaka 2004. Hubahatisha haraka haraka au huomba vidokezo mpaka mfumo uwape jibu wenyewe, na ndio walioambulia kidogo mno. Mrejesho wangu mzuri kwa kila kosa ulizidi kuwasaidia. Waligundua kwamba ukigusa majibu yote, ukurasa unakutafunia kila kitu. Mmoja alilimaliza somo la dakika kumi na tano kwa sekunde hamsini. Nilitaka kukasirika, lakini nilijiona mimi mwenyewe nikisaini masharti ya matumizi ya programu yoyote ile.

Hapo ndipo deni la Skinner linapolipwa. Sasa majibu manne hayaonekani mpaka uandike lako kwenye kisanduku tupu, kwa maneno yako, walau sentensi moja. Mashine hailisahihishi, haina uwezo huo na sijaribu kuudai. Lakini sentensi yako inabaki juu ya skrini wakati unachagua, na mwisho wa somo inarudishwa kwako uamue kama ungeiandika tena vilevile. Wapo wanaoandika "sijui sijui sijui". Sawa. Ila wengi, wakishaandika sentensi ya kweli, huanza kuitetea, na mtu anayetetea kitu hasogei kwa kugusagusa.

Kisanduku hicho ndicho kilichoniokoa pia kwenye masomo ya uandishi, ambako majibu manne yenye herufi huwa kama kupima maji kwa rula. Somo la kuandika hoja lina zoezi moja tu. Unapewa aya isiyo na sentensi ya kwanza, unaiandika. Kisha unaletewa sentensi tatu za wanafunzi waliopita, bila majina, na kuzipanga kuanzia ile ambayo ingekufanya uendelee kusoma. Halafu unarudishwa kwenye yako. Haulizwi mtu kama alipatia. Karibu wote hufuta na kuanza upya, na mara nyingi linalofutwa kwanza ni lile neno "Tangu zamani".

Falsafa na maadili bado sijaziweza. Nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili nikajikuta nimeandika mtihani uliojificha.

Nimeahidi kurudi Berkeley. Muhula uliopita mwanafunzi mmoja aliniandikia barua pepe fupi, haina hata salamu ndefu. Alisema ameifungua milango yote sita, amewahamisha watu, ameelewa hesabu, na bado amekataa kuchagua jibu langu sahihi. "Umenionyesha kwamba pengo haliko mlangoni, mwalimu. Hujanionyesha kwamba halipo. Nani aliwaelekeza wanawake wengi hivyo kwenye foleni ndefu? Jibu lako limefunga swali ambalo somo lako limelifungua."

Nilisoma, nikaenda kuitafuta tena makala ya 1975 katika jarida la Science, ambamo Bickel, Hammel na O'Connell walikichambua kisa hicho. Aya zao za mwisho zinasema jambo lilelile: wanawake walikuwa wamesukumwa na malezi na elimu yao, kabla hata ya kuomba, kuelekea kwenye fani zenye msongamano zaidi. Nilikuwa nimeisoma makala hiyo. Nilikuwa hata nimepigia mstari ukurasa huo.

Nikamjibu kumshukuru, nikamwomba ruhusa ya kutumia sentensi yake, akakubali. Sasa yake ndiyo yenye alama ya vema, nimeifupisha kidogo tu. Ile yangu sikuifuta. Imehamia kwenye herufi C, katikati ya vipotoshi, na mpaka leo asubuhi ndiyo inayochaguliwa na wengi.